Ini la Erasmo Lipewe Ulinzi

Mtanda, Lindi

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Shikamoo Daktari, na poleni na kazi.

YAH: INI LA MDOGO WANGU ERASMO

Mimi ni Benadetha, muuza mboga wa Mtanda. Mdogo wangu Erasmo wa Milola ana ngiri, na mara tatu sasa mmeahirisha kumpasua. Mikorosho yake inangoja kupuliziwa salfa, na bomba hawezi kulibeba. Sina ndugu mwingine, Daktari, na ninaogopa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilisikia redioni kwamba dawa ya usingizi inaweza kuliumiza ini, na kwamba wataalamu wanaichunguza mimea kama kinga. Walisema bado wanaijaribu kwa panya. Sikuona sababu ya Erasmo kupanga foleni nyuma ya panya.

2. Nikachemsha mlonge, binzari na tangawizi. Kila asubuhi ya operesheni nimempelekea chupa nzima ya chai, akainywa yote bila ubishi. Sista Salome, yule wa dawa ya usingizi, akiona kikombe tu anaahirisha. Eti mgonjwa akiwa na kitu tumboni anaweza kutapika usingizini, kikaingia mapafuni. Nimemweleza kwa upole kwamba sikumlisha, nimemkinga. Akanitoa wodini mbele ya wateja wangu wa mchicha.

3. Mara ya tatu niliificha chupa kwenye kapu, chini ya kanga. Erasmo alipokwisha kunywa, mlinzi wenu alinusa kapu na kumwita Sista. Mtu mzima, Daktari, ananusa kanga zangu!

4. Usalama wa chai yangu nimeuhakikisha mwenyewe. Tangu Februari nakunywa chupa mbili kwa siku. Hamu ya chakula imekwisha, jambo linalopunguza matumizi, na macho yangu yamekuwa ya njano, ishara kwamba binzari imeenea mwili mzima. Sijui panya gani amejitolea kiasi hiki.

5. Kwa hiyo naomba nivalishwe gauni la kijani niingie chumba cha upasuaji na chupa yangu. Madaktari nao wanywe kwanza, maana hiyo dawa ya usingizi wanashinda nayo kila siku. Na Sista Salome ahamishiwe kwenye meno mpaka aliombe radhi ini la Erasmo.

Nisalimie wauguzi wote na wapishi. Mlinzi naye msalimie, ingawa moyo wangu bado mzito.

Wako katika kulitetea ini,
Benadetha

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Erasmo alipanda bodaboda alfajiri bila kuniaga, akaja kwenu na tumbo tupu, mkampasua. Ameamka salama, anadai uji. Nilipofika wodini nililia kwa furaha mpaka Sista Salome akanishika mkono. Akanitazama macho, akanipeleka maabara moja kwa moja. Ini la Erasmo halina neno. Lililolazwa ni langu, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Daktari wa zamu ameniuliza nimekuwa nikinywa nini, nami nimejibu: maji. Tafadhali mwonyeshe namba 4, mimi naona haya.