Tauni Yafutwa kwa Waraka

Kwa furaha isiyo kifani, Kamati ya Kukanusha Tauni, ambayo mimi ndiye katibu wake, ilitangaza kwamba ugonjwa huo umefutwa kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Panya nao walipewa taarifa: tulibandika waraka ukutani, chini kabisa, usawa wa macho yao.

Hawakusoma. Jumanne, panya kumi na mmoja walikutwa wamekufa ghalani. Utaratibu wetu uko wazi: idara ya chini haiamui jambo, hulipeleka juu. Kila panya akatiwa kwenye jalada lake angali ana joto, akaandikiwa dokezo, akapandishwa ngazi hadi mezani kwa Mkurugenzi, yeye na viroboto wake. Mkurugenzi akaandika "Nimeona, tusubiri" na kuwarundika kwenye trei. Sijapata kuona ofisi ikifanya kazi vizuri namna ile.

Ijumaa mlinzi wa ghala akashikwa na homa kali, akatokwa na mtoki kinenani, uvimbe mkubwa kama yai. Mkewe, ambaye ndiye msafishaji wetu, akaja kuomba dawa. Ilikuwepo kabatini, maboksi mawili, lakini hutolewa kwa fomu inayothibitisha kuwa tauni ipo. Nikamweleza kwa upole kwamba mumewe anaumwa ugonjwa usiokuwepo, avute subira. Akanikumbusha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia methali hiyo haina namba ya kumbukumbu.

"Baba watoto anakufa, katibu," akasema. "Mtaandika amekufa kwa nini?"

Nikamwambia tutaandika uchovu. Akakaa pale pale kwenye ngazi aliyotoka kuipiga deki, akalia. Nilikerwa, maana alikuwa amenifanya nijione mtu mbaya saa za kazi.

Jumamosi Mkurugenzi alishindwa kufunga mkanda. Alikuwa anatetemeka, na kinenani kuna kitu. Akaagiza dawa iletwe upesi. Tabibu wa zahanati yetu, mama mmoja asiye na makuu, akaja mikono mitupu.

"Dawa ipo, mzee. Ugonjwa ndio haupo."

Akamwekea fomu na kalamu.

Mkurugenzi akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akasaini, kisha akanyoosha kiganja apewe vidonge. Tabibu akamsomea kifungu cha nne cha fomu, ambacho Mkurugenzi mwenyewe alikiandika ili wakuu wa idara nyingine wasije wakamruka: wagonjwa watahudumiwa kwa jinsi walivyotangulia kuugua.

Mlinzi akaletwa amebebwa, akapata dozi ya kwanza. Wakafuata makarani waliokuwa wakipandisha majalada, ambao kumbe walikuwa wakiumwa kimyakimya kwa kuogopa waraka. Mkurugenzi alikuwa wa kumi na tisa. Alisimama kwenye foleni ameishika suruali kwa mikono miwili, na hakuna aliyempisha.

Nikaenda kumpelekea kiti. Tabibu akanizuia, akanitaka nivue shati. Akanibonyeza kwapani, nikaruka kwa maumivu.

"Ishirini," akasema, akanionyesha pa kusimama.