Kodi ya Ticha Makato

Redio ya muuza kahawa Libérat ilikuwa haijamaliza hata kusema kwamba vyama vya wafanyakazi vinaomba kodi ya mishahara ipunguzwe, mwalimu Melkior akaruka kwenye benchi, kahawa ikamwagikia suruali.

"Mmesikia? Nyie mlidhani nalia bure!"

Pale kijiweni, nyuma ya soko la Mpanda, walimwita Ticha Makato. Tangu apandishwe daraja, hajawahi kumaliza kikombe bila kuyataja makato ya mshahara wake.

"Si uliongezewa mshahara, ticha?" alichokoza Malale, dereva wa bodaboda.

"Niliongezewa, kodi nayo ikadandia kama abiria wa mshikaki. Mimi mwenye pikipiki nikakosa pa kukaa!"

"Vumilia," alisema Onesphore, mchuuzi wa mchele wa Kibaoni, ambaye wao walimwita Gunia. "Sote tunalijenga taifa."

"Wewe Gunia unalijenga na nini? Afisa wa mapato akionekana sokoni tu, umefunga duka umeenda msibani. Mwaka huu umezika mashangazi wangapi?"

"Ukoo wetu mkubwa, ticha."

"Kwetu ng'ombe anayekamuliwa ni yule anayesimama," Malale alidakia. "Sisi wengine tunakimbia."

"Kimbia tu! Barabara ya Kasokola unayokimbilia ni jasho langu!"

"Basi na mashimo yake ni yako. Yamenipindia rimu, utanitengenezea lini?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Melkior akasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Chekeni! Kila mwezi nalipa kodi, sijachelewesha hata mara moja, na wanaofaidi ni wengine!"

Kicheko kikakatika ghafla. Libérat akainamia birika lake. Melkior alipogeuka, mkewe Marsela alikuwa nyuma yake na kikapu cha samaki aina ya migebuka.

"Kodi ya wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama Odeta, karibu…"

"Sisi tunakaa kwetu. Matofali nimefyatua kwa mikono hii. Umempangia nani chumba?"

"Shemeji, huyo anayelipiwa ni mkubwa," Malale alisema. "Nchi nzima inamjua."

"Malale, nyamaza!" Melkior alifoka.

Marsela akakitua kikapu chini. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Melkior akaelewa: kumbe mwenzake alikuwa anaimeza shaka hii tangu ongezeko la mshahara lisionekane nyumbani.

"Ni kodi ya mshahara, mama. Ya serikali. Lile ongezeko sehemu kubwa imeishia huko. Nilishindwa kukwambia, na ulikuwa umenichinjia jogoo wa hongera."

Marsela akamtazama Libérat.

"Ni kweli, mama," Libérat alisema. "Wimbo huo anatuimbia kila siku. Hapa tumeukariri kuliko nyimbo za kanisani."

Marsela akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Yaani wanakata kabla hela haijafika mkononi kwako?"

"Juu kwa juu."

"Hata ukilalamika?"

"Hata nikigaragara."

"Na mimi miaka yote nasubiri uifikishe nyumbani, ndipo nianze kubembeleza ya mboga!" Akajitwika kikapu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Kumbe inawezekana. Haya, inuka twende benki. Kuanzia mwezi huu na mimi nakata juu kwa juu."

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka walipofika njiani, Marsela mbele, Melkior nyuma.

"Ticha!" Libérat aliita. "Hela ya kahawa!"

"Muombe mama," alijibu Melkior bila kugeuka.