Sanamu Iliyoitikia Chafya

Leo nimeumbuka, ndugu zangu, na unga wa muhogo bado umo masikioni.

Rafiki yangu Shabani ni mwimbaji hapa Kibiti. Wimbo wake mpya unamfananisha mpenzi na mchoro wa thamani, basi akataka video yake iwe ndani ya makumbusho ya sanaa. "Kwenye filamu wezi wanaiba huko, kwenye video watu wanapendana huko," anasema. "Unapita katikati ya picha, miwani usoni, sanamu zinakutazama!"

Sisi tuna ghala la korosho. Tukalipaka chokaa, tukatundika michoro. Sanamu zikakosekana.

Wote wakanigeukia. (Mtunga riwaya kama mimi siku zote huonekana hana kazi.)

Nikavuliwa shati, nikafungwa shuka kiunoni, nikamwagiwa unga kuanzia utosini. Nikanyoosha mkono kama mtu anayeomba mvua. Nilijiona mzuri, wallahi.

Katikati ya wimbo mlango ukafunguka. Akaingia Zuhura, binti niliyempelekea posa, kaja kutazama video ikipigwa. Nyuma yake, mama yake, aliyefika leo kutoka kijijini Maparoni. Yule yule ambaye posa yangu inangoja neno lake! Tulikuwa tuonane kesho, mimi nikiwa ndani ya kanzu.

Zuhura akanitambua, akauma mtandio asicheke. Mimi nikawa jiwe. Sanamu haina mkwe.

Mama akanizunguka taratibu. "Ebo! Wamechonga vizuri. Ila kitambi cha nini?"

"Ndiyo sanaa, mama," Zuhura akajibu kwa taabu.

"Sanaa ya kushiba hiyo."

Akanichokoza tumboni kwa mwavuli. Unga ukaruka. Akapiga chafya.

"Alhamdulillah," akasema.

Na mimi, mtoto wa madrasa, mdomo ukanitangulia: "Yarhamukillah!"

Toba! Mama akapiga ukelele. Mwavuli ukanitua begani, ukarudi tena, huku anasoma Ayatul Kursi. (Shabani anaendelea kuimba!)

"Mama, usimpige! Ndiye yeye! Wa posa!"

Mwavuli ukasimama hewani. Nikashika shuka kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

Akanitazama juu hadi chini. "Marahaba. Kesho usijisumbue na kanzu, nimeshaona yote."

Kisha akamgeukia binti yake. "Haya, mchukue. Anayeitikia chafya akiwa sanamu, akiwa mume hatakunyamazia ukimwita."

Posa imejibiwa, ndugu zangu. Atakayecheka, pilau ataisikia harufu tu.