Vitabu Vilivyo Matengenezoni

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Kabla hata sijavua koti, Mkutubi Mkuu ametutangazia kwamba kuanzia leo wanafunzi wanaalikwa kupendekeza namna ya kuboresha maktaba yao. Tena si kwa sanduku lenye kufuli, ambalo ufunguo wake ningeupata tu. Kwa ubao! Upo pale mlangoni, mpana kama kitanda. Mwanafunzi anabandika kikaratasi chake, wenzake wanaomuunga mkono wanaweka alama ya vema. Ijumaa pendekezo lenye vema nyingi linafanyiwa kazi. Nikamuuliza Mkutubi Mkuu kama sisi wenyewe tumeishiwa mawazo. Akasema ndiyo, tangu zamani.

Mimi sina ugomvi na maboresho. Nina chumba tu. Kiko nyuma kabisa, ukipita rafu za takwimu, na mlangoni nimebandika kibao: MATENGENEZO YA VITABU, USIINGIE. Ndani mna gundi, uzi, mashine ya kubania vitabu iliyoshika kutu, birika, na godoro langu. Kila siku baada ya chakula cha mchana naingia kutengeneza vitabu. Yaani nalala.

Sioni aibu kuliandika hilo. Mama mkwe alikuja wiki moja kumwona mjukuu. Mjukuu sasa anakimbia! Wanalala chumbani wote watatu, yeye, mke wangu na mtoto, mimi nimeachiwa kochi la sebuleni. Na mama mkwe hajapata kusikia kwamba televisheni huwa inazimwa. Bila kile chumba mimi ni maiti inayogonga mihuri.

Ila chumba cha matengenezo kisicho na vitabu kingezua maswali. Kwa hiyo huwa nachukua vitabu kadhaa rafuni, vizima kabisa, navipeleka mle, halafu kwenye kompyuta naandika "Matengenezoni". Kazi ya akili sana.

Jumanne, 4 Machi

Ubao umejaa. Wanataka feni. Wanataka soketi zaidi. Mmoja anataka wapenzi wapigwe marufuku ghorofa ya pili, na mwenzake ameandika chini yake kwamba huyo ana wivu. Nilicheka peke yangu hadi nilipofika kwenye kikaratasi cha kijani katikati: "Vitabu vilivyo Matengenezoni virudi rafuni, au tuonyeshwe vinatengenezwa nini." Vema zimejaa mpaka zimemwagikia kikaratasi cha jirani.

Ameandika Wakili. Bado si wakili, ni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho, lakini anaweza kubishana hata na saa ya ukutani ikanyamaza. Tangu muhula uanze anatafuta kitabu kimoja kinene cha sheria ya ardhi. Nakala ni moja tu, na bila hicho msimamizi wake haipokei tasnifu. Leo amekuja tena mezani kwangu. Nikamwambia kama kawaida kwamba kiko matengenezoni, mgongo umeachia. Akasema taratibu kwamba hata mgonjwa wa mgongo angekuwa ameshasimama.

Kitabu chake nakijua vizuri. Jalada la kitambaa, unene wa kutosha, laini pale katikati. Nakizungushia sweta. Ndicho mto wangu.

Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Kisha nikaenda kulala.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na mpango. Wao wana vikaratasi? Hata mimi ninavyo!

Cha kwanza, cha manjano: "Sehemu ya magazeti ifanywe chumba cha majadiliano." Hicho ni zawadi yangu kwa Profesa. Profesa si profesa, ni mwenzangu wa kitengo cha magazeti, ana miwani tu na tabia ya kukohoa kila ninapotoka chumbani kwangu nikiwa na alama za mkunjo shavuni. Cha pili, cha waridi: "Chumba cha Matengenezo kinafanya kazi kubwa mno. Kisiguswe! Mimi Mwanafunzi Mwenye Kuona Mbali."

Nilivibandika kabla milango haijafunguliwa. Nikajiwekea na vema, kalamu tofauti tofauti. Nikanywa chai kwa raha zangu.

Saa nne nikasikia vicheko. Nikaenda mbio. Jamani! Nilisahau kitu kimoja. Notisi zote za kuchelewesha vitabu katika chuo hiki huziandika mimi, kwa mkono wangu. Hakuna mwanafunzi asiyeujua mwandiko wangu, wengine wanauota. Walikuwa wamebandika notisi zao kuzunguka kikaratasi changu cha waridi ili watu walinganishe. Profesa amesimama mbele, miwani kwenye ncha ya pua, anawaelekeza waitazame herufi k, jinsi inavyorusha teke. Msaliti!

Mkutubi Mkuu akapita. Akasoma yote, hadi chini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia baridi. Akasema tu kwamba Ijumaa asubuhi atakuja na wanafunzi kutazama vitabu nilivyotengeneza.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo: sijatengeneza chochote. Tatizo kubwa zaidi: hakuna kilichoharibika. Huwezi kumwonyesha mtu kitabu kizima ukamwambia kimepona.

Nikafikiri. Dawa ni ionekane gundi. Nikavipaka vyote migongoni, kwa ukarimu, nikavipanga kimoja juu ya kingine na kuvibana kwenye mashine vikauke. Kazi ilipendeza. Harufu yake ilinifanya niimbe. Godoro nimelisimamisha nyuma ya mlango, nikalifunika shuka na kulibandika karatasi: RAMANI KUBWA.

Kikabaki kitabu cha Wakili. Hicho sikukipaka gundi, moyo ulikataa. Niliamua kukirudisha rafuni kimyakimya, yaishe. Nikanyata nacho hadi rafu za sheria, na nani ameketi sakafuni palepale, chupa ya maji pembeni, akilinda pengo la kitabu chake kama mlinzi wa benki? Nikageuka na kujifanya natafuta feni. Kitabu kikarudi ndani ya sweta.

Nyumbani nikagundua gundi haikutoka mikononi. Nilimpokea mama mkwe rimoti nimsogezee mezani, ikaganda kiganjani. Mke wangu akasema baba mtoto, umeanza lini utani na mama? Ilibidi niloweke mkono kwenye maji ya moto. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe afike, rimoti nilishika mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike haraka, kabla sijatafuta namna ya kujitetea.

Wamekuja: Mkutubi Mkuu, Wakili, wanafunzi wengine wawili, na Profesa ambaye hakualikwa. Nikafungua mashine kwa madaha. Mkutubi Mkuu akashika kitabu cha juu. Akakinyanyua. Vikanyanyuka vyote! Safu nzima ya uchumi, imeshikana kama tofali, inaning'inia mkononi mwake. Profesa akauliza kama hili ni toleo jipya.

Nikarudi nyuma kidogo nipate pumzi, nikaegemea mlango. Ramani Kubwa ikamwangukia Profesa. Akabaki chini yake anapiga kelele kwamba ramani hii ina sponji.

Na sweta nililolificha nyuma ya godoro likabingirika hadi miguuni kwa Wakili. Akaliokota. Akalifungua polepole. Akakitoa kitabu chake, akapitisha kidole juu ya jalada, pale penye shimo la kichwa changu. Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. Alikikumbatia, machozi yakamlengalenga, nami nikatamani sakafu inimeze. Aibu niliyoiona leo sijawahi kuiona, hata siku ya mahari.

Kisha akakikagua. Akamwambia Mkutubi Mkuu kwamba mgongo ni mzima. Akanigeukia, akaniuliza basi siku zote hizi tulikuwa tunautengeneza mgongo wa nani.

Hukumu: chumba kinakuwa cha majadiliano ya wanafunzi. Nitavibandua vitabu vya uchumi kimoja kimoja, Profesa akinisimamia. Na godoro niondoke nalo leo leo.

Nimelibeba hadi nyumbani. Mama mkwe amelilalia kulijaribu. Amelisifu sana. Amesema Mungu akubariki mwanangu, sasa nafasi ipo, kesho anampigia mdogo wake naye aje.

Jumatatu, 31 Machi

Siku njema! Wakili amepokelewa tasnifu yake. Amekuja mwenyewe mezani kurudisha kitabu, kabla ya tarehe, kimefutwa vumbi. Akanitazama akasema nimekonda, macho yamezama, nipumzike. Nikamwapia kwamba mimi ni mtu mpya. Tukapeana mikono. Karibu nilie.

Kisha nikakirudisha rafuni kwa mikono yangu miwili. Kimekaa pale karibu saa nzima.

Maana chini ya ngazi kuna stoo ya viti vibovu ambayo sijui kwa nini sikuiona siku zote. Ukisukuma viti viwili, mtu anaenea, akikunja magoti. Mlangoni nimeandika HATARI, UMEME. Na safari hii sikufanya kosa la kijinga. "Matengenezoni" haifai tena, watu wameshaizoea. Kwenye kompyuta nimeandika kimeazimwa. Na aliyekiazima ni Profesa.

Wakati natoka huko nikapita ubaoni. Kuna kikaratasi kipya, cha kijani, mtu anauliza kwa nini ngazi inakoroma. Vema tatu tu, hazina uzito.

Kesho nitaleta sweta. Leo nimekilalia hivihivi, kujaribu tu. Lile shimo bado lipo, na kichwa kimeingia bila kusukumwa.