Herufi Niliyomwekea Kambale

Leo nimejiumbua mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha. Ninaandika haya nikiwa nimejifungia chumbani. Mama amegonga mlango mara mbili kuuliza kama naumwa. Nimemjibu ndiyo. (Naumwa kweli, ila si ugonjwa wa kupeleka kwa daktari.)

Kambale mnamjua. Yeye na mimi wote tunapiga video za harusi hapa Goma, na kamera zetu ni za aina moja, tulizinunua duka moja, wiki moja. Usawa wetu unaishia hapo. Tangu arudi kutoka Kampala, Kambale anavaa kofia kisogo mbele, na hawezi kumaliza sentensi bila kutia neno progressif. Mama za watu wanampenda. Mimi nikifika kwenye sherehe naonyeshwa pa kusimama. Yeye akifika anapewa sahani. Niseme tu ukweli: namwonea wivu. Namwonea wivu mpaka ile kofia.

Sasa sikieni. Kwenye kamera zetu kuna machaguo mawili ya picha, 25p na 50i. Kambale yuko kwenye p siku zote, nami nikamwiga kimyakimya. P ni hiyo progressif yake, picha nzima inachorwa kwa mara moja. Na i je? Kambale aliwahi kuniambia kwamba kwa Kifaransa ni entrelacé, mistari nusu kwanza, kisha nusu iliyobaki. Lakini entrelacé inaanza na e! Nikaamua mwenyewe kwamba i ni ya inférieur, yaani duni. (Na diplome ya sekondari ninayo, jamani.)

Muzee Kakule wa mtaa wa Himbi anamwoza binti yake Masika mwezi ujao. Ni harusi ambayo ukiipiga, mji mzima utakujua. Muzee alifanya biashara Butembo miaka mingi, hanunui kitu bila kukishika. Kwa hiyo leo baada ya misa akatuita sote wawili. Familia itasali, itacheza ngoma kidogo, kila mmoja wetu apige, kisha tutazame palepale wachague mmoja. Nilivaa shati jeupe. Kambale alikuja na kofia.

Hata hatujaanza, Mama Masika akamwita Kambale ndani ale kwanza. Alimwita "mwanangu". Mimi nikaombwa nichunge vyombo. Kamera yake ikabaki kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, na mkono wangu ukaenda wenyewe. (Haukwenda wenyewe. Niliupeleka.) Nikafungua menyu, nikashuka chini, nikachagua 50i, nikafunga. Kambale akarudi, akanishukuru kwa kumchungia, na alikuwa ameniletea mshikaki. Niliula wote.

Tukapiga. Koko, yaani bibi yake Masika, alizunguka na kitenge chake kama msichana, nasi tukamzunguka. Kambale hakuangalia menyu hata mara moja. Mimi nilikuwa natabasamu peke yangu nyuma ya kamera.

Kisha tukaingia sebuleni kutazama. Nilitegemea kuona televisheni bapa ukutani. Muzee akaondoa kitambaa cha kufuma, na chini yake kulikuwa na tele ya zamani, ile yenye kisogo kirefu. Aliinunua akiwa kijana na haachani nayo. Tukachomeka kamera kwa ile waya ya vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu.

Ikaanza ya kwangu. Watu waliosimama walipendeza sana. Shida ni kwamba walicheza. Koko kila alipozunguka alienda kwa kushtukashtuka, unadhani kuna mtu anamsukuma. Muzee akauliza kama kamera yangu ina kwikwi.

"Miye sichezake vile," Koko akasema.

Ikafuata ya Kambale. Ndugu zangu, ilikuwa laini kama mawese. Kitenge kilizunguka bila kukwama popote, na Koko akaanza kutikisa mabega palepale kwenye kiti. Kambale mwenyewe alishangaa, akainama kukagua kamera yake, akasema iko kwenye i na hajui imefikaje huko. Halafu akafikiri kidogo, akatuelezea. Tele hizi za zamani zenyewe zinachora mistari nusu kwa nusu, mara hamsini kwa sekunde, na hiyo i ndiyo lugha ziliyozaliwa nayo.

"Huyu njo fundi," Muzee akasema, yaani ndiye hasa. "Hata bahati inamutafutaka."

Mama Masika akamwekea mkono begani. Mwanangu, tena. Hapo roho iliniuma vibaya. Sifa zile zilikuwa zangu! Kazi ya kidole changu, na anayepakatwa ni mwingine. Sikuvumilia. Nikasimama.

"Ile i, mi njo niliiweka!"

Waliosema mdomo uliponza kichwa walikuwa wananisema mimi. Sebule nzima ilinigeukia.

"Uliiweka wapi?" Muzee akauliza.

"Kwa kamera yake."

"Saa gani?"

"Wakati alikuwa anakula."

"Juu ya nini?"

Ningeweza kusema sababu ni kwamba nilitaka kumsaidia. Nilikuwa nalitafuta hilo neno, lakini Koko akanijibia. "Juu ya wivu, mutoto yangu. Inaonekana kwa macho yako tangu asubuhi."

Walicheka mpaka Mama Masika akaegemea ukuta. Ambaye hakucheka ni Kambale, na hicho ndicho kilichoniua. Alikitazama kile kijiti cha mshikaki kilichokuwa bado kimechomoza mfukoni mwa shati langu jeupe. Kisha akamwambia Muzee asinifukuze, tutaifanya harusi pamoja. "Miye nitapiga, yeye ataweka i." Muzee akakubali papo hapo, na akanipa mkono kabisa kama mtu aliyepewa cheo.

Kwa hiyo mwezi ujao mkifika kwenye harusi ya Masika mtanikuta, mshika herufi rasmi wa Kambale. Naomba msinicheke. Angalau sasa nimeelewa ile i ni ya nini: ni ile iliyo ndani ya neno wivu.