Kupinga Kuhesabiwa Herufi Zangu na Kompyuta

Kwa Mwalimu wa Kompyuta,
Darasa la Jioni,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.

Mwalimu wetu mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na kompyuta zako. Mimi ni shangazi wa mwanafunzi wako, yule binti mwenye miwani anayekaa karibu na dirisha. Si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Mwezi uliopita uliwapa wanafunzi zoezi: waandike programu ya kusoma faili la maandishi na kuhesabu herufi zilizomo. Zoezi jema. Ila hukuwaambia wasome faili gani. Binti wa kaka yangu akachukua mazungumzo ya mwaka mzima ya kundi letu la familia kwenye simu, akayageuza faili, akailisha programu yake. Kisha akatusomea majibu ukoo mzima ukiwa mezani. Kaka yetu mkubwa: herufi themanini na nne, kila ujumbe ukiwa "sawa". Mimi: laki mbili na elfu kumi. Walicheka mpaka wifi yangu akapaliwa na chai.

Basi nikavuliwa usemaji wa familia papo hapo. Wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti huyohuyo, na baba yake akaniambia, "Dada, safari hii ataongea kaka. Wewe pumzika." Nipumzike! Mimi niliyeisemea familia hii tangu meno yangu yote yako kinywani!

Malalamiko yangu ni haya:

1. Programu inahesabu hata nafasi kati ya neno na neno. Mwalimu, nafasi ni pale niliponyamaza. Inakuwaje ninyamaze, halafu nihesabiwe kuwa nimesema? Kwa hesabu hiyo, hata nikifa nitazidi kuropoka.

2. Mimi nikicheka naandika "hahahahahaha" mpaka kicheko kiishe, maana nacheka kwa moyo. Kaka hucheka kwa tumbo, na tumbo halina herufi.

3. Faili huweka jina la msemaji mwanzoni mwa kila ujumbe, na jina nalo linahesabiwa. Kwenye simu ya binti, kaka ameandikwa "BM", yaani Baba Mkubwa. Mimi nimeandikwa "Shangazi Kipaza Sauti". Jina hilo nimelijua siku hiyohiyo. Yaani nikijibu "ndiyo" tu, tayari nimetoa hotuba.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wakwe walifika, wakaketi sebuleni, msemaji wao akaeleza nia yao kwa ufasaha, akamalizia, "Sasa tunaomba kusikia neno la wenyeji." Kaka akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akasema, "Sawa." Akaketi.

Msemaji wao akadhani tumekasirika, akaomba radhi kwa kuchelewa. Kaka akamjibu, "Sawa." Mama wa kijana akaanza kuusogeza mkoba wake karibu. Mimi nimeng'ata leso, maana nilikuwa nimeapa sitafungua mdomo. Ndipo mhesabu herufi mwenyewe akachomoka jikoni, machozi yakimlengalenga, akaninong'oneza, "Shangazi, nakuomba, sema!"

Nikasema. Chai ilipashwa moto mara mbili, lakini wakwe walitulia, wakacheka, na posa ikapokewa.

Kwa hiyo, Mwalimu, naomba zoezi hili lifutwe kabisa, na wanafunzi waelezwe wazi kwamba kuhesabu maneno ya mtu mzima ni utovu wa adabu, awe nani aliyehesabiwa.

Nisalimie nyumbani kwako, wanafunzi wote, na yule fundi viatu wa chini aliyenionyesha ngazi.

Ni mimi, kwa ufupi,
Shangazi wa mwanafunzi wako.

Baada ya sahihi: Zoezi usilifute kwanza. Mama wa kijana ameingizwa kwenye kundi letu juzijuzi, na kila nikiandika mstari yeye anajaza ukurasa. Binti amenifundisha kuiendesha programu, nami nimeshamweka mama huyo kwenye faili lake peke yake. Nafasi nahesabu, vicheko nahesabu, jina lake nimelirefusha mwenyewe. Kama kuna namna ya kuhesabu kila alama ya mshangao mara mbili, tafadhali nijulishe kabla ya Jumapili.