Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Tahadhari ya Mafuriko cha Nchi Mbili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye naambiwa yuko njiani, waheshimiwa wajumbe kutoka nchi jirani tunayochangia nayo mto, wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wote wanaokaimu, wataalamu wa maji, wataalamu wa hewa na wataalamu wa kuwaratibu wataalamu, walimu mliotuazima ukumbi huu na viti vya wanafunzi, wakazi wa Mtaa wa Chini, mama yangu mzazi uliyeketi safu ya pili, shikamoo, (Sauti ya mama: Marahaba. Usiende mbio.) na wengine wote ambao itifaki imewaruka lakini mvua haikuwaruka, habari za asubuhi. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi wa Uratibu wa Ushirikiano wa Kimataifa katika Kudhibiti Mabadiliko ya Tabianchi na Athari Zake Mtambuka, cheo ambacho fundi wa vibao alishindwa kukimaliza mlangoni kwangu, kikaishia ukutani. (Kicheko.) Msicheke, maana jambo lenyewe ni zito. Moshi wa viwanda hauombi viza. Ukitoka huko unakotoka hupanda juu, huifunika dunia kama blanketi, joto huongezeka, na mvua iliyokuwa ikinyesha mwezi mzima hushuka alasiri moja juu ya paa la mtu ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki. Ndiyo maana wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na chawa huyu, ndugu zangu, ni wa dunia nzima.

Kwa kulitambua hilo, ofisi yangu iliingia katika mchakato shirikishi na wenzetu wa nchi ya juu ya mto. Tumefanya makongamano tisa, warsha kumi na nne na semina elekezi ambazo hata mimi sikumbuki zilituelekeza wapi. Rasimu ya kwanza ya makubaliano ilisema nchi zetu mbili “zitajenga” kituo cha tahadhari. Wenzetu wakapendekeza “zitajitahidi kujenga.” Nikasimama kidete, siku tatu sikubanduka mezani, shati likanigandia mgongoni, mpaka sote tukaafikiana kwamba “zitazingatia umuhimu wa kujitahidi kujenga.” (Makofi machache.) Leo naweza kutangaza kwa kifua mbele kwamba asilimia tisini na saba ya aya za makubaliano hayo zimekamilika.

Sasa niingie kwenye mafanikio, ambayo ndiyo yaliyotukutanisha. Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, mto ulifurika kuliko ulivyowahi kufurika tangu vipimo vianze kuandikwa. Kule nchi ya juu yuko mama mmoja mpima maji, ambaye kila asubuhi husoma alama zilizochorwa kwenye nguzo ya daraja. Hapa kwetu yuko mwenzake, mpima mvua wa zahanati, yule pale karibu na mlango mwenye simu mkononi. (Watu wanageuka kumtazama.) Wawili hawa walikutana katika semina yetu ya tatu, ambapo walilazwa chumba kimoja kwa kuwa vyumba vingine vilichukuliwa na sisi wakurugenzi. Tangu hapo hupigiana simu kila siku. Mmoja husema maji ni kiasi gani, mwingine husema mvua ni kiasi gani, kisha huulizana hali za watoto. Huo, waheshimiwa, ndio tunaouita mfumo jumuishi wa kubadilishana takwimu baina ya mataifa. (Kicheko.)

Alhamisi hiyo saa saba mchana yule wa juu akapiga tena, na safari hii hakuuliza watoto. Akasema, “Dada, maji yamepita alama nyekundu na yanakuja kwenu. Mna saa nne.”

Mpima mvua wetu, kwa kufuata utaratibu, akaipigia ofisi yangu. Karani wangu, ambaye ni mtu mwenye nidhamu ya hali ya juu, akamjibu kwa upole kwamba tahadhari hupokelewa kwa barua, nakala tatu, zenye muhuri. (Minong'ono.) Mpima mvua akashukuru, akakata simu, akafunga zahanati, akateremka Mtaa wa Chini kwa miguu. Akagonga nyumba baada ya nyumba. Fundi seremala akaacha kitanda alichokuwa akikipiga randa, akatoa mkokoteni wake, wakaanza kuwahamisha wagonjwa na wazee.

Wakafika kwa mama yangu. Mama hakukubali kutoka. Nimeelezwa kwamba alikuwa amekaa kitandani, simu iko mapajani, akawaambia, “Mwanangu ndiye mkurugenzi wa mafuriko. Kama yangekuwa yanakuja, angenipigia.”

Mimi saa hiyo, kwa kumbukumbu za kikao, nilikuwa nchi ya juu, katika ukumbi wenye mazulia, simu zikiwa zimezimwa, tukijadili kama nembo ya kituo iwe na mawimbi mawili au matatu.

Yule mpima mvua hakubishana naye. Alichuchumaa, akamvisha viatu, akamwambia, “Mama, mwanao atakupigia. Lakini utaipokea simu yake ukiwa mlimani.” Fundi akambeba mgongoni.

Maji yaliingia saa kumi na moja kasoro. Katika chumba cha mama yalifika juu ya kitanda. (Msemaji anakunywa maji. Anakunywa tena.) Mtaa wa Chini una watu mia sita na kumi na wawili, na waliohesabiwa kule mlimani jioni hiyo walikuwa mia sita na kumi na wawili. Hiyo ni asilimia mia moja, waheshimiwa, na nimeambiwa na mshauri wangu wa mawasiliano niseme kwamba takwimu hii inadhihirisha ufanisi wa mradi wetu. (Sauti ya fundi: Mradi upi, mheshimiwa?)

Swali zuri sana, nimelipokea, litaingizwa kwenye muhtasari. Sasa tunyanyuke. Nikisema mto mmoja, semeni nchi mbili. Mto mmoja! (Nchi mbili.) Hewa moja! (Dunia moja.)

Ahsanteni. Nawashukuru wajumbe wa pande zote kwa kuzindua nami kituo hiki, na nawashukuru kwa namna ya pekee mliovaa mabuti mkidhani baada ya hapa tutakwenda kukitazama. Mnaweza kwenda nyumbani moja kwa moja, kwa kuwa kituo hakijajengwa, kiwanja hakijapimwa, na zile aya asilimia tatu zilizobaki ndizo pekee zinazokitaja. Namshukuru mpima maji wa nchi ya juu, ambaye hakuja kwa sababu kule kwao leo kuna mawingu na nguzo lazima isomwe. Wenye simu, chukueni namba ya mpima mvua kabla hajatoka. Mama yangu ameshaiandika kwa mkaa ukutani, pale ilipokuwa yangu.